Nani Aligundua Kimondo? Mhadhara wa Mlowo juu ya Unyenyekevu na Hekima

Mlowo ni mji wa njia panda. Hapa barabara ya Kamsamba inaiacha barabara kuu iendayo Tunduma, na reli ya TAZARA nayo inapita. Si ajabu basi kwamba katika ukumbi mmoja wamo wachungaji, mapadre, wakulima wa kahawa na ndugu Waislamu walioitikia mwaliko, na vijana wamesimama dirishani kwa kukosa viti.

Lengo la mhadhara huu linaweza kusemwa kwa pumzi moja. Ni kuonyesha kwamba Mkristo asiyefundishika hawezi kupata hekima, hata awe na vyeo vingapi, na kwamba kufundishika huko ndiko Maandiko yanakokuita unyenyekevu. Mengine yote yatakayosemwa ni maelezo na mifano, na mifano mingi haikuagizwa kutoka mbali. Ule mfano wa suke la mpunga linaloinama likijaa hautatumika leo. Umehubiriwa mpaka mpunga wenyewe umechoka.

Tuanze na kimondo cha Mbozi. Wengi wenu mmefika Ndolezi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, mkakiona. Kina urefu wa mita 3 hivi, na uzito wake unakadiriwa kuwa kati ya tani 12 na 16, kutegemea anayekadiria. Takriban asilimia 90 yake ni chuma, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni nikeli. Ncha yake nyembamba ina makovu yaliyoachwa na watu waliotaka kuondoka na kipande, na kila aliyejaribu kwa msumeno alitoka jasho kwanza. Vitabu vinasema kiligunduliwa mwaka 1930 na mpima ardhi aitwaye William Nott.

Hapo ndipo penye somo la jioni hii. Wanyiha, wenyeji wa eneo hili, walikuwa wafua chuma mashuhuri, watu wenye matanuri ya udongo marefu kuliko mtu, waliojua kuyeyusha mawe na kupata jembe. Watu wa namna hiyo hawapiti kando ya tani 12 za chuma bila kuziona. Wenyeji walikijua kimondo kwa vizazi, na kilianguka zamani mno hata hakuna masimulizi ya siku kilipoanguka. Nott alifanya kazi yake vizuri, akakitangaza kwa walimwengu, na anastahili shukrani. Lakini kukuta si kugundua. Kama mhadhiri angeombwa maana fupi ya kiburi angesema hivi: ni kuamini kwamba jambo lilianza kuwapo siku wewe ulipolijua.

Hoja ya kwanza: mnyenyekevu na mnyonge ni watu wawili

Katika mazungumzo ya kila siku maneno haya yanachanganywa sana. Muumini anayeongea kwa sauti ya chini mbele ya mchungaji, anayeshika mikono nyuma na kuitikia kila jambo, husifiwa kuwa mnyenyekevu. Akitoka nje anafanya alilokusudia tangu mwanzo. Huyo amekuwa na adabu, na adabu ni kitu kizuri, ila hakuna alichojifunza. Yuko na mwingine, mama mmoja wa sauti kali, mbishi kikaoni, ambaye ukimwonyesha kwa hesabu kwamba amekosea anasema, "Haya, nimeona," na kesho yake anafanya tofauti. Kwa kipimo cha Maandiko, huyu wa pili ndiye mnyenyekevu, ingawa hakuna atakayemchagua kuigiza sehemu ya Mariamu wakati wa Krismasi.

Mfalme Sulemani alipoambiwa kule Gibeoni aombe chochote atakacho, alianza kwa kukiri kwamba yeye ni kijana tu, hajui namna ya kutoka wala kuingia. Kisha akaomba kitu ambacho tafsiri za Kiswahili zimekieleza kwa maneno mbalimbali ya busara na uadilifu. Kiebrania chenyewe kinasema jambo rahisi zaidi: aliomba moyo unaosikia. Hakuomba moyo unaojua. Kwa Waebrania wa kale hekima ilianzia sikioni, na mfalme aliyeomba masikio ndiye aliyekuja kusifiwa kwa majibu yake.

Mtazameni na Musa. Katika sura ya 18 ya Kutoka amekwisha kuwavusha watu katika bahari, na hakuna aliye hai mwenye sifa kama zake. Anaketi kuamua mashauri tangu asubuhi hadi jioni, na watu wamesimama foleni kama wanaosubiri muhuri wa mtendaji. (Msimtazame mtendaji, yeye ni mgeni wetu leo.) Anakuja Yethro, mkwewe, kuhani wa Midiani, mtu ambaye hakuwamo katika safari wala hakuhesabiwa kati ya makabila. Anatazama siku moja tu, kisha anamwambia Musa kwamba anajichosha na kuwachosha watu. Awachague waaminifu, awaweke juu ya maelfu, mamia, hamsini na makumi, na mashauri makubwa tu ndiyo yapandishwe kwake.

Musa angeweza kujibu kwamba yeye huzungumza na Mungu na mzee huyu huzungumza na kondoo. Maandiko yanasema alifanya yote aliyoambiwa na mkwewe. Mfumo wa utawala wa taifa teule ulitokana na ushauri wa mkwe aliyekuja kusalimia. Wale mnaojua uzito wa mkwe katika nchi hii mtaelewa kwamba ushauri huo haukuwa rahisi kutoa wala kupokea.

Hoja ya pili: mwalimu aliyefundishwa Mbozi

Hapa mhadhiri anaomba kukaa kidogo, kwa sababu habari yenyewe ni ya hapa nyumbani na wengi hawaisimulii.

Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, wamisionari wanne kutoka Ujerumani. Kanisa lao lilikwisha kuwa na historia ndefu ya kunyenyekeshwa. Lilianza mwaka 1457 miongoni mwa wafuasi wa Jan Hus, padre wa Bohemia aliyechomwa moto mwaka 1415. Lilifukuzwa na kutawanywa, na wakimbizi wake walipata kimbilio mwaka 1722 katika ardhi ya bwana mmoja wa Kijerumani, Nikolaus von Zinzendorf. Kijiji walichojenga waliita Herrnhut. Ukienda leo katika makaburi yake utaona mawe yamelazwa chini, bapa, safu kwa safu, yanayolingana. Ukiacha makaburi makubwa ya familia ya Zinzendorf, seremala na mchungaji wanapewa jiwe la namna moja. Wamisionari wao wa kwanza, waliotumwa kisiwa cha St Thomas mwaka 1732, walikuwa mfinyanzi na seremala: Leonard Dober na David Nitschmann. Watu wenye urithi kama huu, mtu angedhani, wangefika Afrika wakiwa wamekwisha kuiva kwa unyenyekevu.

Haikuwa hivyo, na ni vema kusema wazi. Urithi haumfanyi mtu mnyenyekevu, kama vile kuzaliwa katika familia ya wakulima kusivyomfanya mtu ajue kulima. Traugott Bachmann, Mmoraviani aliyeanzisha misheni ya Mbozi mwaka 1899, alikuja kama walivyokuja wengi wa enzi yake, na uhakika mwingi mfukoni. Alijua ipi ni dhambi na ipi si dhambi. Mila za Wanyiha alizitazama kwa jicho la mtu aliyekuta shamba la magugu, na nidhamu ya kanisa aliishika kwa mkono mkali.

Lakini alifanya kosa moja lililomwokoa: alijifunza Kinyiha sawasawa. Fikirini hali yenyewe. Mtu mzima, mwenye mke na heshima, anataja neno na watoto wanaangua kicheko. Anauliza jina la kitu, anaandika, kesho anaambiwa lile alilosema jana lina maana nyingine kabisa. Anayejifunza lugha ya watu hana budi kukubali kuwa mtoto wao kwa muda, na huko utotoni anasikia mambo ambayo mwalimu hasikii. Anasikia kwa nini harusi inapangwa hivi, kwa nini wazee wanakaa vile, shauri linasuluhishwa vipi bila polisi. Pole pole Bachmann aligundua (hapa neno hilo ni halali, kwa kuwa aligundua jambo juu yake mwenyewe) kwamba mengi aliyoyaita upagani yalikuwa ni utaratibu wa watu wenye akili, na kwamba mengi aliyoyaita Ukristo yalikuwa ni desturi za kwao Ujerumani.

Akabadilika. Alianza kuwaachia wazee wa Kinyiha nafasi ya kuamua mambo ya usharika wao, na akaandika kuwaambia wamisionari wenzake kwamba mila za watu si za kuvunjwa ovyo. Baadhi ya wenzake hawakupendezwa. Kitabu cha maisha yake, kilichochapishwa baada ya kifo chake mwaka 1948, kina jina la Kijerumani lenye maana mbili kwa pamoja: kwamba aliwakwaza wengi, na kwamba aliwasukuma wengi kusonga. Kinasimuliwa na mtu anayejua kwamba makwazo mengine yalikuwa ni makosa yake mwenyewe.

Matunda yake yalikuwa nini? Mwaka 1913 Agano Jipya lilitoka kwa Kinyiha. Jina la Bachmann ndilo linalotajwa, na kazi yake ilikuwa kubwa. Lakini neno la Kinyiha la kusamehe halikutoka Ujerumani, wala neno la neema, wala neno la mwana-kondoo. Kila ukurasa ulipita katika midomo ya Wanyiha waliomwambia, "Hapana, hatusemi hivyo." Kitabu kile kisingeandikwa na mtu asiyeweza kuambiwa hapana.

Na tunda la pili. Mwaka 1916 Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilifika huku, na wamisionari wa Kijerumani wakachukuliwa. Usharika wa Mbozi ulibaki mikononi mwa wenyeji, na uliendelea. Hivi leo tunaposikia kengele ya Mbozi Misheni, hatuna haja ya kuuliza kama wazee wale walikuwa wamefundishwa vya kutosha. Swali la maana zaidi ni jingine. Kama Bachmann angebaki yule wa mwaka 1899, anayeamua kila jambo peke yake, wazee hao wangepata wapi mazoezi?

Hoja ya tatu: hekima hupenda mlango wa uani

Hii itakuwa fupi, kwa sababu inafuata kutoka ile iliyopita.

Naamani, jemadari wa Shamu, alipougua ukoma, habari ya nabii hakuipata kwa madaktari wa mfalme. Aliipata kwa binti mdogo, mateka, aliyekuwa akimtumikia mkewe. Na alipokasirika kwa kuambiwa akaoge Yordani, waliomrudisha katika akili yake walikuwa watumishi wake. Katika habari nzima, kila neno la hekima linatoka chini kwenda juu, na jemadari anapona kwa sababu, baada ya kufura, alikubali.

Apolo, msemaji hodari wa Aleksandria, alihubiri Efeso kwa moto, akiujua ubatizo wa Yohana tu. Priskila na Akila, mke na mume washona mahema, walimsikia. Hawakusimama kumkatiza mbele ya watu. Walimchukua kwao wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Luka, katika simulizi hilo, analitaja jina la mke kwanza. Kuna wahubiri wa siku hizi wenye vipaza sauti vinavyosikika mpaka Vwawa ambao wangefaidika sana na jioni moja nyumbani kwa fundi cherehani.

Watawa wa Kibenedikto, waliofika Peramiho mwaka 1898, wanaishi kwa kanuni iliyoandikwa karne ya 6. Sura yake ya 3 inamtaka abati, kila panapotokea jambo zito, awaite watawa wote, na sababu inayotolewa ni kwamba mara nyingi Bwana humfunulia aliye mdogo lililo jema zaidi. Angalieni kwamba kanuni haikuishia kuwashauri wakubwa wawe wapole. Iliweka utaratibu wa kikao. Unyenyekevu usio na utaratibu hutegemea mkubwa ameamkaje siku hiyo.

Hoja ya nne: kukosea hadharani na kukiri hadharani

Wakulima mliopo hapa mnajua kinachofanyika kahawa ikifika kituo cha kumenyea, kile mnachokiita CPU. Matunda mekundu yanamwagwa majini kwanza. Kwa macho yote ni mazuri, mekundu, yanang'aa. Maji hayadanganyiki. Yaliyoliwa na wadudu na yaliyo matupu yanaelea, mazito yanazama. Anayesimamia anayakusanya yanayoelea kwa chekeche na kuyaweka kando, na hapo hata mwenye shamba la mfano hubaki akitazama ndoo ya kando ikijaa. Mchumaji akianza kusema kwamba maji yana kasoro, watu wanacheka. Anayeitazama ndoo ile na kuuliza ni mti gani aliusahau kuupulizia dawa, msimu ujao ndoo yake itakuwa nyepesi.

Ni wachache kati ya watu wakubwa wanaokubali kumwagwa majini mbele ya watu. Mwalimu Julius Nyerere, Mkatoliki aliyebatizwa mwaka 1943, alikuwa mmoja wao, na mfano wake unawahusu wakulima wa Mbozi moja kwa moja. Mwaka 1962, wiki sita hivi tu baada ya Uhuru, aliacha uwaziri mkuu ili akajenge chama, na mwaka huo huo alitoa kijitabu kiitwacho Tujisahihishe. Kichwa chenyewe ni cha kuzingatiwa: hakukiita Wasahihisheni.

Hata hivyo aliyeandika Tujisahihishe aliweza kukosea sana. Mwaka 1972 serikali yake ilifuta serikali za mitaa. Mwezi Mei 1976 ilifuta vyama vikuu vya ushirika, na kazi zao zikapelekwa kwa mamlaka za mazao. Wazee wa kahawa hawahitaji mhadhara juu ya yaliyofuata. Chama ambacho mkulima alikuwa na hisa na sauti ndani yake kiliondoka, na mahali pake pakaja ofisi.

Mwaka 1984, akiwa bado Rais, Nyerere alihojiwa na jarida la Third World Quarterly. Alisema kwamba kama angeanza upya yapo mambo ambayo asingeyarudia, akayataja mawili kwa majina: kufuta serikali za mitaa na kufuta ushirika. Hakusema kwamba makosa yalifanyika, kana kwamba yalijifanya yenyewe. Wakati huo sheria za kuvirudisha vyombo hivyo viwili zilikwisha kupitishwa, mwaka 1982. Toba yake, kwa hiyo, ilikuwa na sheria nyuma yake, na hili ndilo linaloitofautisha na machozi ya majukwaani.

Wapo watakaosema kwamba kukiri hakumrudishii mkulima pesa yake. Ni kweli, na mhadhiri hana jibu la kuwaridhisha. Anachoweza kusema ni kwamba kosa ambalo mwenyewe amekataa kuliita kosa hurudiwa na mrithi wake akidhani ni busara.

Mtu huyo huyo, alipostaafu, aliketi na kuzigeuza Injili na Matendo ya Mitume kuwa tenzi za Kiswahili, zikachapishwa mwaka 1996 na Wabenedikto wa Ndanda na Peramiho. Rais wa zamani anahesabu mizani, anatafuta kina, anautii utungo uliokuwapo kabla yake. Mchakato wa kumtangaza mwenye heri ulifunguliwa mwaka 2005 na Jimbo la Musoma. Uamuzi huo si wa ukumbi huu. Lakini ukizungumza na watu wa kawaida juu ya kwa nini wanamwamini, wengi hutaja kwamba alikubali kusahihishwa kabla ya kutaja lolote aliloshinda.

Hoja ya tano: unyenyekevu nao huoza

Mhadhara unaosifia tu ungewadanganya. Kuna njia mbili ambazo fadhila hii huharibika, na zote mbili zimo makanisani mwetu.

Ya kwanza ni ya watu wa uamsho, na inasemwa kwa upendo. Mwezi Septemba 1929, juu ya kilima cha Namirembe huko Kampala, Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church walikaa siku mbili na Biblia wakitafuta nguvu ya Roho. Kutoka hapo, na kutoka hospitali ya Gahini nchini Rwanda, ulianza uamsho uliofika Uganda yote, Kenya, na kwetu kupitia Bukoba. Alama yake ilikuwa kuungama waziwazi. Wazungu waliungama mbele ya Waafrika kiburi cha rangi yao, katika enzi ya ukoloni, jambo ambalo hata leo lingeshtua. Waliotengana kwa miaka walishikana mikono.

Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Mukono, wanafunzi 26 wa uamsho huo, William Nagenda akiwa kiongozi wao, walifukuzwa. Waliamka alfajiri kuhubiri na kukemea dhambi chuoni, na walipoamriwa kuacha hawakuacha. Wanafunzi waliona wakuu wao hawataki kuvunjika mbele ya msalaba. Wakuu waliona vijana waliovunjika kiasi cha kutomsikiliza mtu yeyote. Mhadhiri anadhani pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli, na hilo ndilo linalotisha. Mtu anaweza kuungama kila wiki, kwa machozi, na kuanza kuyahesabu machozi yake kama cheo. Hapo ushuhuda unageuka shindano la nani alikuwa mwovu zaidi, na anayeungama vizuri anapata haki ya kuwapima wengine. Cheo cha namna hiyo kinavaliwa hata na watu wasio na joho. Wenye majoho mnawajua wenyewe: mtu anaanza mwinjilisti, mwakani ni nabii, mwaka wa tatu ni mtume, na bango lake pale stendi linakua pamoja naye.

Njia ya pili ya kuoza ni mbaya zaidi, kwa sababu anayeumia si yule mwenye fadhila. Ni kulihubiri neno unyenyekevu kwa walio chini peke yao. Mke aliyepigwa anaambiwa anyenyekee. Kijana anayeuliza mapato ya harambee yameenda wapi anaambiwa hana unyenyekevu. Mchuma kahawa aliyelipwa pungufu anakumbushwa upole wa Kristo na mtu aliyempunja. Hayo si mafundisho ya Kanisa hata kidogo. Katika waraka kwa Wafilipi, Mtume Paulo anapotaka watu wajishushe, anamtaja aliyekuwa juu kabisa akashuka. Katika Yohana 13 anayejifunga kitambaa na kushika beseni ni Mwalimu, na miguu yenye vumbi ni ya wanafunzi. Petro akakataa kuoshwa, na kukataa kwake kulifanana sana na heshima. Maandiko yanaanza na mwenye nguvu. Anayeliokota neno hili na kulirusha kuelekea chini, kuwanyamazisha wengine, amelishika kinyume kama mtu anayeshika panga kwa upande wa makali, tofauti ikiwa kwamba anayekatwa ni mwingine.

Yaliyo mbele

Ndugu Mwenyekiti, mkoa wa Songwe bado ni mchanga. Ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na mambo mengi hapa yanaandikwa kwa mara ya kwanza: historia za shule, kumbukumbu za misheni, mipaka ya kata, hata majina ya mitaa ya Mlowo. Mhadhiri ana mapendekezo matatu, na yote yanaweza kuanza kabla ya msimu ujao wa kahawa.

La kwanza ni kwa sharika na parokia. Wazee waliowasikia baba na bibi zao wakisimulia siku za Bachmann na miaka ya vita ni wachache, na kila mwaka wanapungua. Vijana wana simu zenye kurekodi. Wapangiwe zamu, kijana kwa mzee, na maswali yaulizwe kwa Kinyiha pale mzee anapotaka. Majina ya waliomwambia mmisionari "Hapana, hatusemi hivyo" yapo kwenye kumbukumbu za familia kuliko kwenye vitabu vya Herrnhut.

La pili ni kwa wanaopokea wageni kule Ndolezi. Kwenye maelezo ya kimondo, kabla ya mwaka 1930, iongezwe sentensi moja juu ya wafua chuma wa Unyiha. Haitamwondolea Nott kitu.

La tatu linahusu vikao: baraza la wazee wa kanisa, bodi ya chama cha msingi cha ushirika, kamati ya shule. Jambo zito likiletwa, aanze kusema aliye mdogo wao kwa umri, na mwenyekiti awe wa mwisho. Lijaribiwe mwaka mmoja, kisha watu wakae watazame ni maamuzi gani yalibadilika. Wabenedikto wamewasikiliza wadogo kwa karne 15 hivi na bado wapo.

Muda wa maswali umefika. Mwenyekiti amekwisha kuinua kalamu kuelekea meza kuu, na kwa desturi ndiko maswali yanakoanzia. Leo anaombwa aanzie kule nyuma, kwa yule binti aliyesimama dirishani ambaye ameunyoosha mkono tangu habari ya Yethro.